Nyumba Njema Si Mlango

Wazee wetu wamesema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghlabu twaambiwa maneno haya pale tunapotaka kuoa kwa kutazama sura, au kununua kitu kwa kutazama rangi. Leo nataka kuyatumia kwa jambo ambalo wazee hao hawakuliona kwa macho yao: tovuti ya msanii. Nakusudia ile nyumba ya mwimbaji, mpiga ala au mchezaji wa jukwaani iliyomo katika intaneti, ambamo mgeni wa mbali huingia akaangalia picha, akasikiliza kazi, akasoma khabari za mwenyewe, kisha akaamua kumwalika au kutomwalika.

Huenda ukauliza: jarida kama hili lina haja gani na mambo ya waimbaji na wapiga ala? Nakujibu mapema. Sikukaa kitako kutoa hukumu ya zeze na ngoma. Hilo lina wanazuoni wake, na hitilafu zao zajulikana. Ninaloandika mimi ni haki ya mtu. Mpiga fidla akidhulumiwa amedhulumiwa, sawasawa na mvuvi au mshona kanzu. Wala dhulma haibadiliki jina kwa sababu aliyefanyiwa ana udi mkononi.

Basi nasema wazi, na atakayechukia na achukie: nyingi katika tovuti wanazotengenezewa wasanii wetu ni milango isiyo na nyumba. Na fundi mwenye kuitengeneza kwa namna hiyo, ilhali anajua anachokifanya, hakukosea ufundi tu. Amekhini amana.

KISA CHA MJOMBA

Mjomba wangu ni mpiga fidla. Amepiga kwa zaidi ya miaka arubaini, maharusini na katika vikundi, hata ncha za vidole vyake vya mkono wa kushoto zimefanya sugu ngumu kama ukucha. Miaka kadhaa iliyopita walipita wageni wakamsikia, wakampenda, wakamwuliza: "Mzee, tukikutaka tukutafute wapi?" Mjomba akawapa nambari ya simu ya mwanawe. Wageni wakenda zao, nambari ikapotea, na mwaliko ukampata mwengine. Hapo ndipo sisi jamaa tukakubaliana kwamba atengenezewe tovuti.

Tukamtafuta kijana fundi, hodari wa kazi, mwenye maneno mazuri. Tukachanga fedha tukampa. Mjomba naye akampa kitu kilicho kikubwa kuliko fedha zetu: bahasha yenye picha 14. Zilikuwa picha za zamani, nyeusi na nyeupe, kila moja ni peke yake. Hazina nakala, wala filamu zake haziko. Ndani ya picha hizo alikuwamo mwalimu wake aliyemshikisha upinde kwa mara ya kwanza, na wenziwe ambao wengi wao hivi sasa wamo makaburini. Fundi akazichukua ili akazitie ndani ya kompyuta.

Tovuti ikatoka, na kusema kweli ilipendeza. Ukiifungua lilionekana pazia la jukwaa likifunguka pole pole, halafu jina la mjomba likija kwa herufi za dhahabu. Nyumbani vilipigwa vigelegele. Wala hapana hata mmoja wetu, na mimi ni wa kwanza kulaumiwa, aliyeuliza: jina hili la tovuti limeandikishwa kwa jina la nani? Neno la siri liko kwa nani? Ada ya kila mwaka atailipa nani? Na bahasha je, iko wapi?

Mwaka wa tatu fundi alipata kazi Uarabuni. Akasafiri, akabadilisha nambari ya simu. Ilani za kulipa ada zikawa zaenda kwenye barua pepe yake, naye haifungui tena. Jina likaisha muda wake, likaachwa, likachukuliwa na watu tusiowajua. Leo ukiliandika jina la mjomba wangu, mzee asiyekosa safu ya mbele siku ya Ijumaa, unafunguliwa tangazo la kamari.

Nilipomweleza hakukasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na ile bahasha, mwanangu?" Tangu siku hiyo, kila nikimwamkia msikitini baada ya sala ya Ijumaa, hunivuta pembeni akaninong'oneza: "Hata leo wanacheza kamari nyumbani kwangu?" Nami sina jibu la kumpa.

JINA NI LA NANI?

Ndugu msomaji, jambo hili wengi hawalijui, na mafundi wengi hawapendi lijulikane. Jina la tovuti halinunuliwi la milele. Hukodiwa kwa muda, aghlabu mwaka mmoja mmoja, kutoka kwa msajili. Na yule ambaye jina lake limo katika daftari la msajili ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe. Si aliyetoa fedha, si aliyeimba, wala si yule ambaye sura yake yaonekana. Ni aliyeandikwa.

Majina yenye mwisho wa .com, muda ukipita bila ya kulipiwa, aghlabu hupewa muhula kidogo. Yakifutwa, mwenyewe ana siku 30 za kuyakomboa, tena kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita hizo zinafuata siku 5 za kungojea, kisha jina huachwa wazi, na yeyote aliye mwepesi aweza kuliokota. Wako watu duniani ambao kazi yao mchana na usiku ni kuyavizia majina ya namna hii, kwani wajua kwamba nyumba iliyokuwa na wageni, wageni wake hawaachi kuja hata mwenye nyumba akihamishwa. Majina yenye mwisho wa .tz na .ke nayo yana daftari zake na kanuni zake. Lakini asli ya mambo ni moja: asiyeandikwa hana.

Mafundi wengine hulisajili jina la msanii kwa jina lao wenyewe kwa ajili ya wepesi tu. Hawana nia mbaya, ila wamezembea. Wengine wanajua. Wanajua kwamba maadam funguo wanazo wao, msanii hatathubutu kwenda kwa fundi mwengine, na kila akitaka kubadilisha mstari mmoja lazima arudi kwao na mkoba wake. Hebu tujiulize: mwashi akikujengea nyumba, kisha akaandikisha hati kwa jina lake na ufunguo akautia mfukoni mwake, utamwitaje? Na kwa nini neno hilo hilo lisitumike kwa mwashi wa tovuti?

UZURI WA MKAKASI

Jambo la pili ni urembo. Sisemi tovuti iwe mbaya. Kazi ya jukwaani ni kazi ya kuonekana na kusikika, na haifai nyumba ya msanii iwe kama ghala la nazi. Lakini uko urembo wa kumpamba msanii, na uko urembo wa kumpamba fundi. Pazia la dhahabu katika tovuti ya mjomba halikumsaidia mjomba kwa lolote. Lilimsaidia fundi kuwaonyesha wateja wengine: tazameni nilivyo hodari.

Dunia imekwisha kulipa gharama ya upuuzi huu. Katika miaka ya 2000 wasanii wengi wa Ulaya na Marekani walitengenezewa tovuti kwa programu iliyoitwa Flash, ambayo ilirusha picha, ikachezesha herufi na kufungua mapazia. Hata maneno ya kawaida, kama tarehe za maonyesho na nambari ya simu, yalifungiwa ndani ya michoro hiyo. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuyafungua mambo hayo hata kidogo. Na tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe yenyewe, iliyokuwa ikiimiliki programu hiyo, iliacha kuihudumia. Nyumba ambazo hazikujengwa upya zimebaki kuwa vioo vyeusi. Yule aliyeandika khabari zake kwa maneno matupu, juu ya ukurasa mweupe, hadi leo anasomeka.

Tena fikiri juu ya uzito. Picha moja itokayo katika simu ya siku hizi yaweza kuwa na megabaiti 5. Fundi mvivu huzichukua picha 20 kama zilivyo akazimwaga ukurasa wa kwanza. Hesabu mwenyewe: hizo ni megabaiti 100. Mtu aliyenunua bando dogo la siku, bando lake limekwisha kabla hajasikia hata mlio mmoja wa udi. Lakini picha hizo hizo zikipunguzwa upana mpaka kufikia pikseli 1,600, zikabanwa sawasawa, kila moja yaweza kushuka hadi kilobaiti 200 au 300, na jicho la mwanadamu katika kiwambo cha simu halioni tofauti. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Fundi asiyeifanya amewafungia mlango watu wa kwao msanii mwenyewe, akawafungulia wenye intaneti ya kasi tu.

Na kipofu je? Vipofu wana programu zinazowasomea kwa sauti maneno yaliyomo katika tovuti. Ukiyaandika maneno ndani ya picha, programu haioni kitu. Ukiiacha picha bila ya maelezo mafupi ya maandishi, kipofu anasikia neno "picha" basi. Na mwenye macho dhaifu, ukimwekea herufi za kijivu juu ya kijivu kwa kuwa ndiyo mtindo, umemfukuza. Nani asiyejua kwamba wapenzi wakubwa wa fidla na udi ni watu wazima, na macho ya mtu mzima ni haya haya tuliyo nayo?

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

KUTIA CHUMVI NI UWONGO

Jambo la tatu ni uwongo. Fungua tovuti za wasanii kumi, usome yale maneno yanayoitwa wasifu. Utaona karibu wote ni "wa kimataifa". Mmoja ameimba mara moja katika harusi ya jamaa yake huko ughaibuni, basi "amezunguka Ulaya". Mwengine alipiga picha pembeni mwa mwanamuziki mashuhuri, basi "ameshirikiana naye". Ukimwuliza fundi, atakwambia: hayo ndiyo maneno ya biashara, kila mtu hutia chumvi.

La hasha. Wasifu ni ushahidi. Mwenye kuandika kwamba fulani alipiga pahala fulani mwaka fulani anashuhudia, na anayesoma anatoa fedha zake kwa kuutegemea ushahidi huo. Wala usidhani kwamba waandaaji wa matamasha ni wajinga. Mtu anayechagua vikundi vya kualikwa husoma mamia ya maombi. Hana haja ya sifa. Ana haja ya kujua mambo machache: huyu hufanya nini, wako watu wangapi, sauti yao ikoje papo hapo jukwaani, na anapatikanaje. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, limejijengea jina kwa muziki unaopigwa hai mbele ya watu, si wa kufumbua midomo juu ya kanda. Basi mwandaaji wa tamasha la namna hiyo, ukimwekea video iliyopambwa kwa magari na mapwani, umemwonyesha magari na mapwani. Mwekee dakika tatu za onyesho la kweli, kamera moja iliyotulia, sauti safi; hapo umemwonyesha msanii.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msanii wa kweli hahitaji fundi wa kumsingizia. Anahitaji fundi wa kumwondolea vumbi.

WALIO NYUMA YA PAZIA

Jambo la nne laniuma zaidi, nalo ni haki za wale wasioonekana.

Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay, na sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Mbona leo, baada ya miaka zaidi ya 70, bado twamjua, na twawajua wenziwe kina Subeit Ambar, Mbaruk Talsam na Buda Swedi? Sahani zimesaidia, bilashaka. Lakini sahani haisemi mtu alizaliwa wapi na alipata taabu gani. Twajua kwa kuwa wako waliokaa wakauliza, wakaandika. Shaaban Robert, pamoja na utukufu wake wote katika lugha yetu, hakuona haya kumwandikia mwimbaji huyo wasifu wake.

Sasa mtazame Bi Kidude, ambaye jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Dunia ilimshangilia, mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 khabari zake zilitangazwa hadi mbali. Lakini mwaka aliozaliwa hapana aujuaye kwa yakini. Haukuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na umri wa mtu na kazi zake ni mali kuliko mali.

Hiyo ndiyo kazi ya tovuti ya msanii kwa zama zetu. Ni daftari lake. Na daftari lisilotaja wengine ni daftari la mwizi. Mara ngapi umeona nyimbo zimepangwa katika tovuti ya mwimbaji, moja hadi ishirini, wala pasiandikwe aliyetunga shairi, aliyetia muziki, wala aliyepiga qanuni? Kwetu sisi mwimbaji wa taarabu mara nyingi siye mtunzi. Yuko mshairi aliyekesha na daftari lake, akampa mtu maneno, akarudi kulala na njaa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ile ya Zanzibar ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zamtambua mtunzi. Lakini hata pasingekuwa na sheria, je, insafu haikutoshi? Mstari mmoja chini ya kila wimbo, wenye jina la mshairi, haumgharimu fundi dakika moja.

Na liko jambo ambalo lataka haya zaidi. Wanawake wetu wana shughuli zao za harusi ambazo mwanamme haingii. Mwanamke anavua buibui lake, anacheza, anatunza, kwa kuwa yu baina ya wanawake wenziwe. Mwimbaji wa shughuli hiyo amerekodiwa kwa simu ya mtu. Fundi anaichukua video ile, anaona "ina uhai", anaiweka katika tovuti dunia nzima itazame. Mwimbaji ameridhia, sawa, huyo ni mwimbaji. Je, wale wageni mia nyuma yake waliridhia lini? Nani aliwauliza? Mume wa mtu, baba wa mtu, na zaidi ya wote mwanamke mwenyewe, anakuja kujiona katika simu ya mpita njia. Hii ni khiyana, na hakuna urembo wa tovuti unaoifunika. Video isiyoweza kuombewa ruhusa haiwekwi. Imekwisha.

WANAOPINGA

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: ya nini tovuti? Msanii ana ukurasa wake katika mitandao ya kijamii, wafuasi maelfu, tena bure. Ndugu yangu, huyo amepanga chumba katika nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hana mkataba naye. Kulikuwa na mji mkubwa wa kurasa za bure uliokwitwa GeoCities, wenye mamilioni ya kurasa. Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo iliufunga kila pahala isipokuwa Japani, na huko nako ukafungwa mwaka 2019. Kulikuwa na MySpace, ambako wanamuziki wa dunia nzima waliweka nyimbo zao. Mwaka 2019 wenyewe walikiri kwamba picha, video na sauti zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena. Zilipotea katika kuhamisha seva. Wako wanamuziki ambao hiyo ilikuwa nakala yao ya pekee. Mitandao ni baraza ya kupokelea salamu. Barazani twakaa, twacheka, twanywa kahawa. Lakini nani anaweka hati zake barazani?

Wa pili ni fundi mwenyewe. Atasema: wasanii hawalipi; wanataka jumba kwa bei ya kibanda, picha hawaleti, maneno hawaandiki, kisha baada ya mwaka wanalaumu. Kwa hili nasema: fundi amesema kweli. Msanii anayekawia miezi sita kuleta mistari kumi ya khabari zake, kisha akamlaumu fundi, hana haki. Msanii anayesema "nitakulipa nikipata onyesho" naye amedhulumu. Na zile tovuti zenye tangazo la "onyesho letu la Idi ijayo", ilhali Idi hiyo imepita miaka minne, lawama ni ya mwenye nyumba, si ya mwashi. Ujira wa fundi ni haki yake, na alipwe. Lakini dhulma ya mmoja haihalalishi khiyana ya mwengine. Hujalipwa? Simamisha kazi, dai chako. Usishike jina la mtu rehani kwa siri.

Wa tatu atasema: mambo haya ya kuandikiana mikataba ni ya watu wasioaminiana; sisi ni ndugu. Huyu ndiye aliyetuponza sisi na mjomba. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Sote twajua tulivyoamrishwa kuandikiana madeni, tena mbele ya mashahidi; na walioamrishwa ni watu wanaoaminiana. Karatasi huandikwa ili udugu ubaki.

YAFAAYO KUFANYWA

Basi wewe msanii, au wewe mwenye mjomba msanii, kabla ya kutoa shilingi moja, shika mambo haya.

Kwanza, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na neno la siri uwe nalo wewe pamoja na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Tarehe ya kulipa ada iandike ukutani pamoja na tarehe ya ada ya shule.

Pili, andikianeni. Ukurasa mmoja watosha: kazi ni nini, bei ni kiasi gani, italipwa kwa mafungu mangapi, itakwisha lini, nani atabadilisha khabari baadaye na kwa ujira gani, na siku mkiachana kila kitu kitakabidhiwa vipi.

Tatu, usitoe picha ya asli ikatoka nyumbani. Fundi na aje na mashine yake, au nenda naye, ukae kitako mpaka amalize, urudi na bahasha yako kwapani. Kisha nakala ziwekwe pahala patatu mbalimbali, pamoja na nakala ya tovuti nzima.

Nne, ukurasa wa kwanza useme kwa maneno, bila ya mapazia: jina lako, kazi yako, mji wako, na namna ya kukupata. Mgeni asitafute nambari ya simu kama atafutaye sindano mchangani. Kiswahili kitangulie, na lugha za wageni zifuate. Usiwe mgeni katika nyumba yako mwenyewe.

Tano, weka wasifu wa maneno mia wenye ukweli mtupu, na mwengine mrefu kwa atakaye. Weka picha tatu au nne nzuri na jina la aliyezipiga. Weka video ya onyesho la kweli. Weka orodha ya nyimbo na majina ya watunzi. Weka karatasi ya mahitaji ya jukwaa: watu wangapi, ala zipi, vipaza sauti vingapi, viti vingapi. Mwandaaji akiiona karatasi hiyo, anajua kwamba anazungumza na mtu wa kazi.

Sita, andika chini tarehe ya mara ya mwisho kurekebishwa. Kama huna muda wa kuandika khabari mpya, usiweke ukurasa wa khabari mpya. Chumba kitupu ni afadhali kuliko chumba chenye mizoga.

Na wewe fundi, ndugu yangu, kijana wetu. Sikuandika haya kwa kukudharau. Kazi yako ni kazi ya heshima: umepewa sura ya mtu, sauti yake, miaka yake na marafiki zake waliokufa, ukaambiwa uvitie nyumbani. Siku ya kukabidhi funguo, zikabidhi zote. Kazi iliyokamilika ni ile ambayo mwenyewe aweza kuishi nayo bila ya wewe.

Mjomba wangu sasa ana tovuti nyengine. Jina limo kwa jina lake. Haina pazia wala dhahabu. Ina ukurasa mmoja mweupe, picha moja aliyopigwa na mjukuu wake, na dakika tatu za fidla. Chini yake kuna orodha ya mambo 14. Aliniketisha uani jioni mbili, akanieleza kwa kumbukumbu zile picha moja moja: nani amekaa, nani amesimama, nani ameshika nini, ilikuwa harusi ya nani. Nami nikaandika kama alivyosema, kwa kuwa picha zenyewe hatunazo.

Na kama aliyezichukua anasoma ukurasa huu, popote alipo: fedha tumekusamehe, na jina tumekusamehe. Rejesha bahasha.